Uchakavu wa Kawaida

Nilishuka na mfuko wa takataka, saa moja asubuhi,
Porto imezama ukunguni hadi kwenye madaraja,
nikaikuta Reno yetu imekunja uso
kama mtu aliyeitwa jina baya mbele za watu.
Mlango wa dereva: bonyeo la ukubwa wa beseni.
Chini ya wipa, stakabadhi ya mafuta,
na nyuma yake mwandiko wa mbiombio:
Samahani. Nimechelewa kazini. Nipigie.
Kisha namba, tarakimu nane nzima,
ya tisa imeliwa na mvua.

Basi nikavuta kiti jikoni.
Tarakimu moja ina nyuso kumi tu, nikajisemea,
nami niliyeshona vifungo miaka arobaini
siogopi kuhesabu hadi kumi.
Sifuri: daktari wa meno wa Braga, akanipa miadi.
Moja: haipatikani.
Mbili: mtoto. Bibi amelala, akaniambia, na paka amelala.
Tatu: mwanamume aliyeapa, kabla sijamaliza salamu,
kwamba usiku ule hakuwa huko.
Nne: kimya kinachopumua.
Tano sikupiga. Nilikula mkate kwanza.
Sita: "Ndiyo, ni mimi," ikasema sauti,
"nilikuwa naomba usipige."

Telmo, msambazaji wa mashine za kufulia,
umri wa mtoto ambaye sisi hatukujaliwa.
Alikuja jioni na kalamu mbili, moja imegoma.
Fomu inaitwa Tamko la Kirafiki;
tulicheka hapo, tukashindwa kuacha.
Akachora barabara, akachora gari langu kama kiatu,
akatia alama kwenye kisanduku: alikuwa akirudi nyuma.
Muungwana ni vitendo.
Lori lake hakulichora dogo kuliko lilivyo.

Siku kumi na tisa za simu, kinanda kile kile sikioni,
ndipo kampuni ikamleta mthamini, bwana Quintela,
viatu safi, rula, kamera.
Alilizunguka gari bila kuligusa.
"Bi Graciete, hili bonyeo ni jipya, tunalipa.
Huu mkwaruzo chini ya kitasa ni wa zamani. Hatulipi."
Wa zamani, nikasema.
Ni pete ya Aderito.
Miaka thelathini na mmoja alifungua mlango huu kwa mkono wa kushoto,
pete ikiguguna rangi kidogo kidogo, kama panya mwenye adabu,
hadi bati likachungulia, umbo la mwezi mchanga.
Quintela akaandika: uchakavu wa kawaida.

Barua ilisema gari zima ni euro mia sita,
kulitengeneza, mia saba na themanini,
kwa hiyo, kwa hesabu zao, limekufa.
Niliwajibu kwa kurasa mbili.
Nikaambatisha risiti za breki, risiti ya betri,
cheti cha ukaguzi wa mwaka huu
kinachoonyesha linapumua vizuri kuliko mimi.
Sikutukana. Kila mkato niliuweka mahali pake.
Wiki ya sita wakapanda hadi mia saba na hamsini;
thelathini zilizobaki alizileta Telmo
ndani ya bahasha yenye jina la shule ya binti yake.

Fundi Ilidio alilichukua Jumatatu,
akalirudisha Ijumaa, linang'aa kama jino la bandia.
"Na ule mkwaruzo wa chini ya kitasa," akasema, akifuta mikono,
"nimeupiga rangi bure. Zawadi."
Nilimshukuru. Ningefanya nini?
Nilimpa chupa niliyokuwa nimeiwekea sikukuu.

Sasa ni usiku, nimeshuka bila takataka.
Fomu zote nimezipekua, mbele na nyuma:
hasara hii haina kisanduku.
Kidole kinapita chini ya kitasa, kinateleza.
Mkono wa kushoto umeshika ufunguo,
ncha yake imekaribia rangi, unywele tu katikati.
Juu, Ermelinda wa ghorofa ya pili amefungua dirisha,
anauliza kama nimesahau kitu garini.